Chumba cha vioo cha kuota jua: venye Nakuru ilinifunza kuhusu jua na maji, kwa pesa yangu

Mama yangu alipata kiharusi mwezi wa tatu 2023 akiwa kwake Molo, upande wa kushoto ukalegea, na alipotoka hospitali tukakubaliana na ndugu zangu kwamba hawezi kurudi kukaa peke yake kwa ile baridi ya kule, basi akaja kwetu hapa Kiamunyi. Kitu alichokuwa anaomba kila siku ni kuota jua tu. Anaamka, anakunywa uji, anauliza jua limetoka? Tulikuwa tunamtoa na kiti chake nje lakini wenye wanaishi Nakuru wanajua upepo wa huku, unakuja na vumbi mpaka kwa meno, na mtu ambaye mkono mmoja haufanyi kazi hawezi hata kujifunika leso vizuri. Nilikuwa nikirudi kutoka shule ninakofundisha saa kumi nampata amejikunyata nje kwa ukuta macho yamejaa vumbi, hataki kuingia ndani juu ndani ni baridi. Iliniuma sana.

Dada yangu mdogo ni nesi kule Leeds, Uingereza. Ndiye alinitumia picha kwa WhatsApp ya nyumba anapopanga, nyuma wameongeza chumba cha vioo, kuta vioo, paa kioo, wanaita konsavatori, ndani kuna viti na maua na bibi mmoja mzee amekaa anasoma na nje unaona theluji. Nikaangalia hio picha usiku mzima. Nikamwambia baba watoto hiki ndicho mama anahitaji, apate jua bila upepo. Akasema ni sawa kama pesa itatosha. Nikachukua mkopo wa sacco laki sita.

Sikujiuliza kwa nini watu wa Uingereza wanajenga hivo. Kule jua la baridi liko chini, linaingia kwa upande, na ni kidogo, kwa hivo wanatega kila mwale wanaoweza kupata. Sisi tuko karibu na ikweta kabisa, saa sita jua liko juu ya kichwa, mwezi wa tatu na wa tisa ndio kabisa linakupiga utosini. Kuta za kioo huku zinapata jua la asubuhi na la jioni tu, lakini paa linapigwa siku nzima. Hii kitu ningeweza kuijua bila kulipa mtu yeyote, ningebeba kiti tu nikae pale nilipotaka kujenga tangu saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na mbili, siku moja ya Jumamosi. Sikufanya. Nilichagua upande wa magharibi juu ndio mlango wa jikoni uko na ilikuwa rahisi kumfikisha mama, na jua la magharibi ndilo baya kuliko yote, linaingia likiwa limelala wakati nyumba tayari imeshapata joto la mchana.

Fundi alikuja mwezi wa tisa, ni mtu alikuwa amejengea jirani ukuta na akaujenga vizuri. Chumba cha mita nne kwa tatu na nusu. Akahesabu kwa karatasi ya daftari: msingi, sakafu na ukuta mfupi wa mawe laki mbili na elfu arobaini, alumini na vioo laki mbili sitini na tano, paa la polikaboneti, ile plastiki ngumu ya kupitisha mwangaza, elfu sabini na tano. Jumla laki tano na themanini. Nikamuuliza kuhusu ruhusa. Akaniambia, "Mwalimu, hii ni kitu kadogo tu, ni kama veranda, hakuna mtu atakuja kukusumbua." Nikamwamini juu nilitaka kumwamini, ukweli ni huo, nilikuwa nimeshahesabu na hakukuwa na pesa ya michoro kwa hesabu yangu.

Mitaro ikachimbwa katikati ya mwezi wa kumi. Siku ya nne maafisa wa ujenzi wakapita, wakauliza plani iliyopitishwa, hakuna. Wakasimamisha kazi na walikuwa na haki kabisa. Sheria ya mwaka wa 2019 ya mipango ya matumizi ya ardhi inasema ujenzi unahitaji ruhusa ya kaunti kwanza, na kuongeza chumba kwa nyumba ni ujenzi, haijalishi ni kadogo aje. Nikaanza kutafuta akiteki, na hapa nawaambia mtafute yule amesajiliwa, usajili wa wasanifu unafanywa na bodi inayoitwa BORAQS, mwombe akuonyeshe namba yake kabla hujatoa hata shilingi. Michoro, karatasi za injinia na ada zote zikala elfu sitini na mbili. Wiki saba.

Sasa kumbukeni ilikuwa mwaka gani. Mwisho wa 2023 ndio ile mvua ya El Niño. Wiki saba mitaro iko wazi na mvua inanyesha. Ilijaa maji kama josho la ng'ombe. Udongo wa Nakuru si ule mwekundu wa Kisii au mweusi wa Kano, huku ni majivu ya volkeno, ukiwa mkavu unasimama wima vizuri unadhani ni imara, ukishiba maji unalegea na kushuka. Watoto walikuwa wanatupa mawe kwa mtaro kuona yakizama.

Ruhusa ikatoka wiki ya kwanza ya mwezi wa kumi na mbili. Mimi nilikuwa na haraka, nilitaka mama ale Krismasi ndani ya hicho chumba. Fundi akatoa maji na ndoo, akarusha hadkoo, yale mawe ya kujazia chini, pale juu ya tope, akamwaga zege. Niliona kwa macho yangu. Nilisimama pale na simu mkononi na nikaona gambuti ya kijana mmoja ikizama mpaka kwa kifundo pahali zege inaenda kumwagwa, na sikusema kitu. Ile tope ilifaa kuchotwa yote mpaka ufikie udongo mgumu, hata kama ni kuongeza futi moja chini, alafu ijazwe kidogo kidogo ikipigwa. Ingenigharimu siku mbili na labda elfu kumi na tano.

Kitu ingine alifanya ni kushikanisha ukuta mpya na wa zamani. Alitoboa ukuta wa nyumba akatia meno, mawe mapya yakaingia ndani ya yale ya zamani, na chuma akapitisha. Nikaona hapo ndipo kuna uimara. Kumbe ni kinyume, nitaeleza mbele.

Vioo nilitaka tempadi, vile vilivyopitishwa kwa tanuri vikawa vigumu, juu mama hana usawa wa miguu, na kioo cha kawaida kikivunjika kinatoa vipande virefu kama visu, tempadi inasambaratika vipunje vidogo visivyo na makali sana. Hapo sijuti, na kama una mzee ama mtoto nyumbani usikubali fundi akuwekee kioo cha kawaida pale chini. Lakini kuna kitu sikujua: tempadi haikatwi. Ikishatoka kwa tanuri kwa kipimo fulani imetoka hivo, ukiigusa na mashine ya kukata inapasuka yote. Fundi wa alumini alikuja kupima kabla ya plasta, ati wenye kutengeneza vioo wanafunga kwa ajili ya sikukuu na oda lazima iende mapema. Akapima mawe matupu. Plasta ikaja ikala sentimita moja na nusu kila upande. Vioo vinne vikaletwa kutoka Nairobi, tunajaribu kuvitia, haviingii, vinazidi kama upana wa vidole viwili. Fundi anauliza tuchonge plasta? Tukichonga mawe yanaonekana na fremu haikai. Vile vioo vinne viko nyuma ya stoo mpaka leo. Elfu hamsini na nne. Na fundi mwenyewe nilikuwa nimemlipa asilimia themanini mwanzoni, kwa hivo alipoenda akakaa wiki kadhaa bila kushika simu sikuwa na la kumfanya. Plasta kwanza, fremu ifuate, alafu ndio upime kioo ndani ya fremu, na ulipe kwa hatua, ya mwisho ibaki mkononi mwako mpaka mvua moja kubwa ipite.

Krismasi ikapita. Chumba kikaisha tarehe 20 mwezi wa kwanza 2024. Na kilikuwa kizuri, siwezi kudanganya. Saa mbili asubuhi mwangaza ulikuwa unaingia laini, unaona mlima wa Menengai kule, mama akaingia na mkongojo wake akashika fremu ya dirisha akasema asante kwa Mungu kwa sauti. Tukapiga picha tukamtumia dada.

Wiki ya pili nikarudi nyumbani mapema, saa nane hivi, nikampata mama nje, chini ya mwavokado, upepo unampiga. Nikamuuliza mbona hayuko kwa chumba chake. Akanyamaza. Nikaingia mwenyewe. Hewa ilinipiga usoni kama umefungua ofeni. Kwa dirisha kulikuwa na mshumaa tuliokuwa tunatumia stima ikipotea, umekunjika katikati, kichwa kimelala kwa ubao kama mtu amesinzia. Beseni yake ya plastiki ya kuchagulia maharagwe imekuwa laini ukiibonyeza. Nikanunua kipimajoto kesho yake: nje digrii 27, ndani 43.

Shida ni kwamba mwangaza wa jua unapita kwa kioo bila shida, unagonga sakafu na viti, vinapata moto, na hilo joto linalotoka kwa sakafu haliwezi kurudi nje kupitia kioo kama venye liliingia. Linajaa tu. Na mimi nilikuwa na madirisha mawili madogo ya kusukuma, yote upande mmoja, yote chini. Hewa moto inapanda na juu haikuwa na pa kutokea.

Kilichoniumiza si pesa. Mama alikuwa amekaa siku kumi akiniambia chumba ni kizuri, akingojea nitoke niende kazini ndio ajikokote atoke nje, juu hakutaka niumie. Na siku mbili alikuwa ameanguka mlangoni. Kijana wa shamba ndiye aliniambia. Mama aliponiona nalia akaniambia, "Mami, usilie, ni jiko tu limezidi moto, jiko huwa linapunguzwa." Kwa hivo nawaomba, kama unajengea mtu mzee, usimuulize kama anapenda, atakuambia anapenda. Angalia anapokaa ukiwa haupo.

Nilianza kutundika mashuka na neti za shamba ndani, zikasaidia kidogo sana, na sababu ni rahisi: shuka likiwa ndani joto limeshaingia. Kivuli lazima kiwe nje ya kioo. Nikiwa bado nahangaika na hilo mvua ya 2024 ikaanza, ile ya mwezi wa nne ambayo watu wengi walipoteza nyumba na hata jamaa zao, na sisi tulikuwa na bahati kubwa tukilinganishwa nao. Lakini usiku wa tatu maji yakawa yanateremka kwa ukuta wa jikoni, pale paa jipya linakutana na ukuta wa zamani. Pale fundi alikuwa amepiga flashingi, ile bati ya kuzuia maji kupita kwa kiungo, juu ya plasta na kuibandika na silikoni. Jua la miezi mitatu lilikuwa limeivuta silikoni ikaachana na ukuta. Flashingi inatakiwa ukuta ukatwe mfereji, bati iingie ndani, alafu ndio kuzibwa. Na gata ya paa la zamani ilikuwa inamwaga maji yake yote pale pale kwenye kona ya msingi mpya, hakuna mtu alifikiria kuihamisha.

Mwezi wa tano ufa ukatokea. Ulianzia juu, mahali kuta mbili zinashikana, ukateremka ukifuata yale meno, na ukapasua hadi ukuta wa jikoni, ukuta wa nyumba ambayo tumekaa miaka kumi na moja bila hata mstari. Sarafu ya shilingi tano ilikuwa inasimama ndani yake. Mlango wa alumini ukakataa kufunga.

Ndio sasa nikaita injinia, nikamlipa elfu kumi na tano kuja kuangalia, pesa ambayo ni ndogo kuliko kitu chochote kingine nilicholipa na ndiyo ilinifaa zaidi. Ni mwanamke mtulivu, hakunikemea. Akazunguka, akachimba kando ya msingi kwa mkono, akatoa bonge la tope akanionyesha, akaniambia, "Mwalimu, nyumba yako ya zamani ilishamaliza kukaa, hii mpya ndio inatafuta pa kukaa, na mmeifunga kwa mwenzake. Ikishuka lazima ivute." Akaeleza kwamba jengo jipya na la zamani yanaachwa nafasi kati yake, kama sentimita mbili, inajazwa kitu laini kinachobonyea na kufunikwa vizuri, ndio kila moja lishuke kivyake bila kurarua lingine. Lile ambalo mimi niliona ni uimara ndilo lilirarua ukuta wa jikoni.

Hakutaka tukarabati hapo hapo. Akachukua plasta kidogo akapaka vitoneo vitatu juu ya ufa, kama upana wa kiganja, akaandika tarehe na penseli juu ya kila kimoja. Akasema kitoneo kikipasuka, ufa bado unatembea, kisipopasuka umetulia. Ni kitu kila mtu anaweza kufanya nyumbani kwake kabla ya kuanza kuogopa ama kuanza kutumia pesa. Cha juu kilipasuka baada ya siku tisa. Tukapaka kingine. Kikapasuka mwezi wa sita. Cha tatu kikakaa mpaka mwezi wa nane, na hapo ndipo akaturuhusu kuanza.

Kazi ya kwanza ilikuwa maji. Gata ikahamishwa, bomba likapeleka maji mbali mita sita kwa tangi, tukamwaga zege nyembamba kuzunguka chumba ikiinamia nje ili mvua isikae kwa msingi. Alafu wakachimba chini ya msingi kipande kwa kipande, mita moja moja, si wote kwa mara moja, wakatoa tope wakajaza zege mpaka udongo mgumu. Yale meno yakakatwa na grainda, nafasi ikaachwa. Yote hayo laki moja na elfu kumi na nane.

Kisha paa. Polikaboneti ikatolewa, nikaweka mabati yenye povu katikati yanayozuia joto, na tukaacha kipande kimoja tu cha mwangaza, upana wa futi mbili, upande wa mashariki, ndio jua la asubuhi liingie hapo mama anapokaa. Paa likatokeza nje sentimita tisini upande wa magharibi. Laki moja na arobaini na moja, na kama ningefanya hivo tangu mwanzo ingekuwa nyongeza ya kama elfu sitini tu kwa bei ya kwanza. Madirisha ya luva manne yakawekwa juu kabisa, mawili kila upande, ili hewa iingie huku itokee kule, elfu ishirini na saba. Mlango wa zamani wa jikoni niliuacha pale pale, na hapo nashukuru nilikataa fundi alipotaka kuutoa ili pawe wazi, juu ule mlango ndio ulizuia lile joto la mwezi wa pili kuingia nyumba nzima, na usiku ndio unaofungwa kwa usalama, kioo si ukuta.

Upande wa magharibi nje nilipanda karakara kwa waya. Imeshapanda hadi kwa gata, inatoa kivuli kuanzia saa tisa na inazaa.

Nimejumlisha yote mara tatu kwa daftari: laki tisa na elfu tisini na saba. Ya kwanza ilikuwa laki tano na themanini. Bado nakatwa mkopo mpaka 2027, na kulikuwa na miezi ambayo karo ya kifungua mimba ililipwa kwa kuomba ndugu, na baba watoto na mimi tulikosana vibaya mwezi wa sita kiasi cha kutosemezana kwa wiki. Hilo pia liwekwe kwa hesabu.

Kipimajoto kiko ukutani. Jana saa nane nje ilikuwa 26, ndani 28. Mama huingia saa mbili na uji wake, anahamisha kiti mara mbili kufuata ule mstari wa mwangaza kwa sakafu, na saa sita anatosheka, anafunga macho kidogo. Mkono wa kushoto umeanza kushika, sasa anachagua maharagwe na mikono yote miwili, polepole, mabovu anayaweka kwa kifuniko cha sufuria. Kile kitoneo cha penseli cha mwisho sikukifuta wala sikukipaka rangi. Kiko pale nyuma ya kiti chake, tarehe yake inasomeka, na mvua ikinyesha usiku naamka asubuhi nakipapasa na kidole kabla sijawasha chai.